Jinsi ya Kutunza Timu ya Mbwa wa Sleji Samoni Wanapoadimika Mtoni Yukon

Mto Yukon huanzia magharibi mwa Kanada, huikata Alaska kutoka mashariki hadi magharibi, na humwaga maji yake katika Bahari ya Bering baada ya safari ya zaidi ya kilomita 3,000. Vijiji vingi vya kingo zake havijaunganishwa na mji wowote kwa barabara, na kwa vizazi vingi maisha ya humo yamewategemea samoni wanaopanda mto kila kiangazi kwenda kutaga: watu wamewala, na mbwa wanaovuta sleji, yaani gari lisilo na magurudumu linaloteleza juu ya theluji, wakati wa baridi wamelishwa samaki hao hao. Mwaka 2021, samoni wa aina ya chamu waliohesabiwa kwa sona, chombo kinachotambua samaki majini kwa mawimbi ya sauti, karibu na kijiji cha Pilot Station katika msafara wa kiangazi walikuwa yapata 150,000 tu, ilhali wastani wa miaka mingi ulizidi milioni 1.5. Uvuvi wa kujikimu wa chamu na wa samoni mfalme, aina nyingine iliyo kubwa zaidi, ulifungwa, na mwenye mbwa ishirini uani akabaki na matumbo ishirini ya kulisha na kichanja cha samaki kisicho na kitu.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuendelea kutunza timu ya mbwa katika hali hiyo: ni mbwa wangapi wabaki, chakula kipatikane wapi, kipikwe vipi, na kazi ya majira ya baridi ipangwe kwa kiasi gani. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime mwenyewe. Hesabu ya chakula itangulie hesabu ya mbwa, na kundi dogo lililoshiba lina thamani kubwa kuliko kundi kubwa linalosubiri samaki ambao huenda wasije. Wenye mbwa wengi wa mtoni wamezoea utaratibu wa kinyume, kwa kuwa zamani mto uliwaruhusu: mbwa walizaliwa kwanza, kisha wavu ukatupwa kwa kadiri ya idadi yao.

Fahamu kwanza kile ambacho samoni alikuwa akikifanya

Mtu anayedhani kwamba samoni alikuwa nyama tu atakosea katika kumtafutia mbadala. Kuna misafara miwili ya chamu katika mto Yukon, wa kiangazi na wa vuli. Chamu wa vuli ndio waliothaminiwa zaidi na wenye mbwa wa sehemu za kati na za juu za mto, katika vijiji kama Ruby, Tanana, Rampart na Fort Yukon, na pia kando ya mto Tanana. Samoni hali chakula tena baada ya kuingia kwenye maji baridi ya mto. Husafiri kwa akiba aliyoibeba mwilini kutoka baharini, na kwa sababu chamu wa vuli huenda mbali kuliko mwenzake wa kiangazi, huingia mtoni akiwa na mafuta mengi zaidi. Hupita katika vijiji vya kati mwishoni mwa Agosti na mwezi Septemba, wakati hali ya hewa imeanza kupoa na nzi wamepungua, kwa hiyo aliweza kutundikwa kwenye vichanja nje, akakauka kidogo, kisha baridi ya Oktoba ikamgandisha na kumhifadhi bila gharama ya umeme wala chumvi. Familia iliyokuwa na gurudumu la kuvulia samaki, chombo kinachozungushwa na mkondo wa maji wenyewe na kuchota samaki usiku na mchana, iliweza kujaza akiba ya miezi saba katika wiki chache.

Kwa hiyo samoni alitoa mambo manne kwa pamoja: protini, mafuta, hifadhi ya bure, na la nne ambalo husahaulika, yaani hamu ya kunywa maji. Mbwa wa sleji kwenye baridi kali hapendi maji matupu, na anaweza kupungukiwa maji mwilini huku theluji imemzunguka. Mchuzi wa samaki ndio uliomfanya anywe. Mbadala wowote utakaouchagua lazima uyajibu mahitaji hayo yote manne, la sivyo utashangaa kuona mbwa anayekula vizuri akidhoofika.

Samoni mfalme naye alikuwa na sehemu yake ingawa si chakula cha mbwa. Kanuni za Alaska katika eneo la Yukon zinamtenga kwa ajili ya watu, lakini vichwa, mifupa ya mgongo, matumbo na samaki walioharibika viliruhusiwa kwenda kwa mbwa, na mabaki hayo hayakuwa madogo katika kambi ya uvuvi iliyobanika mamia ya samaki. Mwezi Aprili 2024 serikali ya jimbo la Alaska na idara ya uvuvi ya Kanada zilikubaliana kusimamisha uvuvi wa samoni mfalme wa asili ya Kanada kwa miaka saba, muda wa kizazi kimoja cha samaki huyo, kwa shabaha ya kurudisha idadi yao mpakani hadi 71,000. Mwenye mbwa na ajue kwamba hata mabaki hayo hayamo katika hesabu yake ya karibuni.

Panga kwa kipimo cha kizazi cha samaki

Swali ambalo kila mwenye mbwa hujiuliza mwezi Mei, barafu inapovunjika mtoni, ni kama mwaka huu samaki watarudi. Swali lenye faida zaidi ni samaki wa mwaka huu walitagwa lini na wangapi. Chamu wengi hurudi mtoni wakiwa na umri wa miaka minne hivi, na samoni mfalme wengi wakiwa na miaka mitano au sita. Maana yake ni kwamba mwaka ambao wazazi walikuwa wachache huacha pengo linaloonekana tena miaka minne baadaye, hata kama bahari itakuwa imetulia. Anayebakiza mbwa ishirini kwa matumaini ya msimu mmoja mzuri anaweka rehani akiba ya miaka kadhaa.

Sababu za upungufu zinahimiza tahadhari hiyo hiyo. Mawimbi ya joto yaliyoikumba Bahari ya Bering na Ghuba ya Alaska katika muongo uliopita yalibadilisha chakula cha chamu wachanga. Wengi walionekana kula viumbe wenye nguvu kidogo mwilini, wakiwamo jamii ya kiwavi-bahari laini kama ute, na kuingia majira ya baridi wakiwa na mafuta haba. Mwaka 2019 maji ya mto wenyewe yalipata joto kiasi kwamba chamu walikufa kwa wingi katika mto Koyukuk, tawimto la Yukon, kabla ya kutaga. Vimelea viitwavyo Ichthyophonus huwadhoofisha samoni wafalme wakiwa njiani. Halafu kuna ubishi mkali kuhusu meli zinazokokota nyavu za kuvua poloki, samaki wa baharini wa biashara, katika Bahari ya Bering: mwaka 2021 zilinasa zaidi ya chamu 500,000 bila kuwakusudia, na uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba wengi wao walitoka Asia, na sehemu kama ya moja kwa kumi ilitoka mito ya magharibi mwa Alaska. Mtu wa kijijini aliyekatazwa kumvua hata samaki mmoja hapozwi na sehemu hiyo ya moja kwa kumi, na sioni kwa nini apozwe. Hata hivyo, hakuna sababu hata moja kati ya hizo ambayo mwenye mbwa anaweza kuiondoa kabla ya theluji kuanguka, na hapa tunashughulikia yale yaliyo mikononi mwake.

Amua idadi ya mbwa kabla ya tishari la mwisho

Uamuzi wa idadi ufanywe mwezi Juni au Julai, wakati mto uko wazi na mizigo mizito inaweza kuja kwa tishari. Matishari yanayopakia Nenana, mji wa mto Tanana wenye reli na barabara, hushuka hadi vijiji vya Yukon wakati wa kiangazi tu. Mto ukishaganda mwezi Oktoba, kila gunia litakuja kwa ndege, na nauli yake inaweza kuikaribia bei ya chakula chenyewe. Anayefanya hesabu mwezi Novemba amekwisha kuchelewa.

Kipimo cha zamani kilikuwa samaki mmoja mkavu kwa mbwa mmoja kwa siku wakati wa baridi. Kwa timu ya mbwa kumi, kuanzia Oktoba hadi Aprili, yaani siku kama 200, hiyo ni samaki 2,000. Kipimo cha leo ni kalori. Mbwa wa sleji wa kilo 20 hadi 25 anayepumzika kiangazi hutosheka na kilokalori 1,200 hadi 1,500 kwa siku. Akifanya kazi ya wastani kwenye baridi huhitaji 2,500 hadi 3,500. Na katika mashindano marefu kama Iditarod hutumia zaidi ya 10,000. Tuchukue 3,000 kuwa wastani wa majira ya baridi kijijini. Mbwa kumi kwa siku 200 watahitaji kilokalori milioni 6. Chakula kikavu cha dukani cha mbwa wa kazi, chenye protini ya asilimia 30 hivi na mafuta ya asilimia 20, hutoa takriban kilokalori 4,200 kwa kilo, na kwa hiyo ungehitaji kilo 1,430, ambazo ni magunia 80 ya kilo 18. Ukitoa robo ya kalori hizo kwa shahamu ya ng'ombe, inayobeba takriban kilokalori 8,500 kwa kilo, utahitaji kilo 180 za shahamu, na magunia yatashuka hadi 60. Mafuta ni mzigo mdogo wenye nguvu nyingi, na mahali ambapo kila kilo inalipiwa nauli, kuanza na mafuta ndiyo akili.

Andika hesabu hiyo kwa idadi yako mwenyewe, kisha ilinganishe na fedha zilizopo pamoja na chakula utakachokipata mwituni. Ikiwa hesabu haifungi, punguza mbwa mpaka ifunge. Mbwa sita wenye afya wanaweza kumvuta mtu mmoja na mzigo wa kadiri, kukagua mitego na kuleta kuni. Kazi nyingi za nyumbani hazihitaji zaidi ya hao, kwa sharti kwamba ufanye safari mbili pale ulipozoea kufanya moja.

Namna ya kuchagua watakaobaki inahitaji utulivu. Wa kwanza kubaki ni mbwa kiongozi anayeijua njia ya barafu, kwa sababu barafu ya mtoni hudanganya, na mbwa mzee aliyekataa mara moja kupita juu ya barafu nyembamba ana thamani kuliko wawili wenye nguvu wasiojua kukataa. Wa pili ni jike mmoja mwenye damu nzuri ambaye hatazalishwa mpaka chakula kiwepo. Wanaofuata ni vijana wa miaka miwili hadi mitano wasio na majeraha, ambao watafanya kazi miaka mingi kwa chakula kile kile. Madume yasiyo ya kuendeleza mbegu yahasiwe, na kwa kuwa madaktari wa wanyama hawakai vijijini, ulizia mapema ni lini kliniki ya kuzunguka itapita. Wasiobaki wapewe waendesha mbwa wa maeneo yenye barabara, ambako chakula ni rahisi zaidi, au familia zinazotaka mbwa mmoja wa nyumbani. Kumwua mbwa mzima kwa kukosa chakula ni jambo ambalo wazee wa mtoni walilijua na walilifanya ilipobidi, na sitajifanya kwamba halikuwapo. Lakini hufika pale ambapo uamuzi wa Juni uliahirishwa.

Hapa pana jambo la kijiji kizima. Kila kundi la mbwa la mtoni ni ukoo uliochaguliwa kwa miaka mingi kufaa njia fulani, na ukikatika haununuliki. Vijiji vilipopokea pikipiki za theluji katika miaka ya 1960, mbwa walitoweka kwa haraka katika nyua nyingi, na moja ya sababu za kuanzishwa kwa Iditarod mwaka 1973 ilikuwa kuwarudisha. Kwa hiyo nyumba tatu au nne zenye mbwa wakae pamoja kabla ya kila mmoja kupunguza wa kwake. Pengine nyumba moja itabakiza jike, nyingine dume, ya tatu mbwa kiongozi wa kufundishia, na wote watapika kwenye pipa moja.

Tafuta samaki wasio samoni

Kufungwa kwa uvuvi wa samoni hakumaanishi kwamba mto umefungwa kwa kila samaki. Katika vipindi vya kufungwa, wasimamizi wa uvuvi wamekuwa wakiruhusu nyavu za makila zenye macho ya inchi 4 au pungufu na urefu usiozidi futi 60, kwa ajili ya samaki wengine. Masharti hubadilika kwa wilaya na kwa wiki, kwa hiyo sikiliza matangazo ya redio na uulize ofisi ya uvuvi kabla ya kutega. Tega kwenye maji yaliyotulia, ghuba na midomo ya vijito, mbali na mkondo mkuu ambako samoni hupita, na ukague wavu mara kwa mara ili samoni aliyenasa arudishwe akiwa hai pale sheria inapotaka hivyo.

Samaki wa jamii ya koregoni ndio mbadala wa kawaida, na vuli huwa wanene. Paiki hupatikana kwenye maziwa na vinamasi. Baboti huvuliwa kwa ndoana zenye chambo zilizoachwa chini ya barafu usiku, na ini lake lina mafuta mengi. Kwa nyavu za chini ya barafu, toboa matundu kwa mstari mmoja mara tu barafu inapoweza kumbeba mtu kwa usalama, pitisha kamba kwa mti mrefu kutoka tundu hadi tundu, kisha uvute wavu kwa kamba hiyo. Kazi hii ni nyepesi mwezi Novemba na ngumu mno Februari, barafu inapofikia unene wa mita moja.

Katika sehemu za chini za mto, karibu na Russian Mission, Holy Cross na Grayling, kuna lamprei, kiumbe mwembamba kama mkunga anayepanda mto chini ya barafu mwanzoni mwa majira ya baridi. Ana mafuta mengi kupita samaki karibu wote wa mto huo, na watu huweza kumchota kwa nyavu za mkono au kwa miti yenye misumari kupitia matundu ya barafu. Tatizo lake ni kwamba msafara hupita haraka, hivyo vijiji hupashana habari kutoka chini kwenda juu ili kila kimoja kiwe na matundu tayari. Asiye na jamaa wa kumpigia simu kutoka kijiji cha chini atakuta wameshapita.

Samaki hawa wana masharti ambayo samoni hakuwa nayo. Koregoni, baboti na baadhi ya samaki wa matopeni wana kimeng'enya kinachoharibu thiamini, yaani vitamini B1. Mbwa anayelishwa samaki hao wakiwa wabichi kwa wiki nyingi huanza kukataa chakula, kisha huyumba na kupata degedege, na mwenye mbwa anaweza kudhani ni sumu. Kuchemsha huondoa kimeng'enya hicho, kwa hiyo wapikwe daima wanapokuwa sehemu kubwa ya mlo. Paiki huwa na vimelea vya tegu. Kumgandisha kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba, jambo ambalo baridi ya Alaska hukufanyia bure, au kumpika vizuri, huwaua.

Mabaki ya mawindo, na mipaka yake

Musi, yule mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu anayewindwa mwezi Septemba, huacha mabaki mengi. Sheria ya Alaska hairuhusu nyama yake kulishwa mbwa, lakini ngozi, kichwa, mifupa na matumbo ya mnyama aliyewindwa kihalali vinaruhusiwa. Mapafu na maini yasitolewe mabichi kamwe. Huweza kuwa na malengelenge ya tegu wa Echinococcus, ambao hukomaa ndani ya mbwa, hutoa mayai kwenye kinyesi, na mayai hayo yakimfikia mtoto anayecheza uani humletea uvimbe wa ini au mapafu unaojitokeza baada ya miaka mingi. Yachemshe au yachome moto, na uwape mbwa dawa ya minyoo kwa ratiba.

Biva, mnyama mgugunaji wa mtoni, aliyechunwa ngozi kwa ajili ya biashara ya manyoya ni chakula bora mno, kwa sababu nyama yake ina mafuta na mbwa humpenda. Mwenye mitego anaweza kupunguza magunia kadhaa kwa mizoga ya biva peke yake.

Namna ya kupika na kulisha

Chukua pipa la chuma la lita 200 lililokatwa nusu na kuoshwa vizuri, liweke juu ya jiko la mawe au la chuma, na utumie kuni kavu za msprusi au za mbetula. Jaza maji au theluji hadi nusu, tia samaki waliokatwakatwa, chemsha mpaka nyama iachane na miiba na miiba yenyewe ilainike, kisha ongeza mchele, mfuniko ukae, na uondoe moto mchele ukiwa bado na mchuzi. Shahamu itiwe mwisho. Uji huo ugawiwe ukiwa vuguvugu. Ukiwa wa moto mbwa wenye pupa huungua koo, na ukipoa sana huganda kwenye sahani kabla hawajamaliza.

Mchele ni wa kujaza tu, na usipewe nafasi ya samaki. Mbwa wa asili ya kaskazini wanaolishwa nafaka nyingi hupungukiwa zinki, kwa sababu nafaka huizuia kufyonzwa, na dalili zake ni magamba na kunyonyoka kwa manyoya kuzunguka macho, mdomo na nyayo. Ukiona hivyo punguza mchele kwanza kabla ya kutafuta dawa.

Mabadiliko yoyote ya chakula yafanywe kwa siku saba hadi kumi, robo moja kwa wakati. Hili linahusu hasa mafuta, kwa kuwa mbwa aliyeongezewa shahamu kwa ghafla huharisha, na kuharisha kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri humpotezea maji ambayo hutaweza kuyarudisha kwa urahisi. Kila mbwa apate walau lita mbili za maji kwa siku, ukihesabu na mchuzi, na zaidi siku za kazi. Hata ukiwa na samaki wachache kabisa, usiwagawe vipande. Watengeneze mchuzi wa kuloweshea chakula kikavu. Kichwa kimoja cha koregoni kwenye ndoo huwanywesha mbwa kumi ambao wangeyaacha maji matupu yagande.

Siku ya safari wape mchuzi mwepesi saa mbili kabla ya kuwafunga kwenye kamba, na mlo kamili baada ya kurudi na kupumzika kidogo. Kila juma, vua glavu na umpapase kila mbwa mbavuni na kwenye nyonga. Manyoya ya msimu wa baridi huficha ukondefu, na macho peke yake hayatoshi. Mbavu zipatikane kwa kubonyeza kidogo. Zikichomoza chini ya kiganja bila kubonyeza, ongeza mafuta siku hiyo hiyo.

Punguza upotevu wa joto na kazi isiyo ya lazima

Kalori isiyopotea haihitaji kununuliwa. Kibanda kiwe kidogo kiasi cha mbwa kujikunja na kukijaza joto lake, mlango uelekee upande usio na upepo, na matandiko yabadilishwe yakilowa. Nyasi kavu za kununua huja kwa nauli ile ile ya magunia, kwa hiyo kata nyasi ndefu za ukingo wa mto mwezi Agosti na uzianike. Matawi ya msprusi yanaweza kuwekwa chini yake.

Kazi nayo ipangwe. Siku ambazo baridi inapita nyuzi 40 chini ya sifuri, kuni zisubiri. Safari za mafunzo zigeuzwe kuwa safari za kazi: badala ya kuwakimbiza mbwa kilomita 30 tupu, walete kuni au wakague nyavu za chini ya barafu. Mtu aliyezoea mashindano ataona kwamba mwendo unapungua, na ni kweli. Timu inayokokota magogo haitashinda mbio za mwezi Machi. Kwa maoni yangu, katika miaka ya uhaba timu ya kijiji isipimwe kwa mbio.

Usiwatenge watoto na shughuli hizi kwa kisingizio cha uhaba. Kambi ya uvuvi ilikuwa mahali ambapo mtoto alijifunza kupasua samaki, kutunza moto wa kubanikia na kusikia habari za ukoo wake, na kambi zilizokaa bila watu tangu 2021 zimeacha pengo ambalo samaki wa msaada, hata wale walioletwa kwa ndege kutoka Bristol Bay, ghuba ya kusini-magharibi mwa Alaska, mwaka huo, hawawezi kuliziba. Mbwa ni sehemu ya elimu hiyo iliyobaki. Huko Huslia, kwenye mto Koyukuk, marehemu George Attla, bingwa wa mbio za mbwa aliyezaliwa katika eneo hilo, alianzisha mwaka 2012 mpango wa kuwafundisha wanafunzi utunzaji wa mbwa wa sleji. Kijiji chenye mbwa sita wa pamoja kinaweza kufanya vivyo hivyo: kijana mmoja apike, mwingine akague nyayo, wa tatu aandike kilo zilizotumika.

Samaki wakianza kurudi

Msimu ambao chamu wataruhusiwa tena, ruhusa hiyo itakuja kwa saa chache na kwa idadi ndogo, na sehemu ya kwanza ni ya watu. Mbwa wapate vichwa, mifupa na matumbo, na samaki wazima wawe wale waliobaki baada ya mabanda ya kubanikia ya wazee na wajane kujazwa. Usizalishe jike mwaka huo. Subiri kwanza kuona hesabu za sona za mwaka unaofuata, na uangalie pia wangapi walipita miaka minne kabla, kwa kuwa ndio wazazi wa hao unaowasubiri. Agizo la magunia lipelekwe Nenana kama kawaida mwezi Juni. Likizidi kwa sababu samaki wamekuja, chakula kikavu kilichowekwa juu ya magogo, mbali na unyevu na panya, kitafaa hadi majira ya baridi yatakayofuata, ilimradi tarehe iliyoandikwa kwenye gunia haijapita.